Ramani si nyumba: Jinsi wanafunzi wa usanifu majengo wanavyojifunza kwa penseli, boksi na tochi ya simu

Siku hizi ramani ya nyumba inafika kwa WhatsApp. Unaandika "vyumba vitatu, kimoja masta", unatuma pesa kwa simu, na jioni unapokea picha ya nyumba yenye bati la rangi, nyasi za kijani na gari limepaki nje. Unampelekea fundi. Fundi anazungusha kamba kwenye kiwanja, msingi unachimbwa, na familia inaanza safari ya kununua tofali na saruji kidogo kidogo kwa miaka.

Shida huja baadaye. Chumba cha mbele hakikaliki ifikapo saa kumi alasiri kwa joto. Mvua ikinyesha, maji yanaelekea mlangoni. Kitanda cha tano kwa sita kimeingia, ila kabati likiwekwa mlango haufunguki wote.

Aliyechora ramani ile huenda hajawahi kufika Mitole. Hajui jua linachomozea upande gani wa kiwanja hicho, wala maji ya masika yanapita wapi. Hakuulizwa, na wala hakuuliza.

Kuuliza ndiko hasa kunakofundishwa kwenye vyuo vya usanifu majengo, na somo lenyewe hufanyika zaidi kwenye meza kuliko ubaoni. Kwa kijana wa Kilwa anayeipenda kazi hii lakini anadhani lazima awe fundi wa kuchora picha nzuri au awe na kompyuta ya mamilioni, inafaa kujua kinachoendelea huko ndani.

Studio gani hiyo?

Ukitaja studio mtaani, watu wanafikiria msanii na maikrofoni. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo, studio ni chumba chenye meza kubwa, karatasi, rula, penseli, gundi, kisu cha kukatia na vipande vya boksi vilivyozagaa sakafuni. Pia ni jina la somo lenyewe, somo linalomeza muda mwingi kuliko mengine yote.

Mwanafunzi hupewa kazi: sanifu zahanati ndogo, au nyumba ya familia yenye duka mbele, kwenye kiwanja fulani. Haelezwi jibu. Anachora, anapeleka kwa mwalimu, wanakaa pamoja juu ya karatasi, mwalimu anauliza, mwanafunzi anarudi kuchora upya. Hivyo hivyo kwa wiki kadhaa.

Mtindo huu una mizizi Paris, kwenye shule ya École des Beaux-Arts, ambako katika karne ya 19 wanafunzi walijifunza wakiwa kwenye karakana za mabwana zao. Shule ya Bauhaus ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1919, ikaongeza kazi za mikono: mbao, chuma, vitambaa. Kwa Tanzania jina linalojulikana zaidi ni Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Lakini mfano mzuri wa kuelewa michoro hauko Dar wala Paris. Uko hapo hapo wilayani Kilwa, ng'ambo kidogo ya maji.

Kata papai kwanza

Chukua papai. Ukilikata kwa ulalo, kama unatoa kifuniko cha sufuria, ukachungulia kutoka juu, umepata kile ambacho wengi tunakiita ramani. Ramani ya nyumba ni hivyo: nyumba imekatwa kwa ulalo usawa wa madirisha, sehemu ya juu imeondolewa, na wewe unatazama chini. Unaona kuta, milango, upana wa vyumba.

Sasa chukua papai lingine, ulikate kwa wima, toka kikonyo hadi kitako. Huo unaitwa mkato. Hapo unaona urefu wa kuta, unene wa paa, ngazi, sakafu ipi iko juu na ipi iko chini.

Mchoro wa tatu ni mwonekano: papai zima, halijakatwa, ukilitazama ukiwa umesimama mbele yake. Ndio mchoro unaopendwa zaidi na wateja. Pia ndio unaosema machache kuliko yote.

Kila mchoro unaonyesha kitu na kuficha kingine. Nenda Songo Mnara uone. Kisiwa hicho, pamoja na Kilwa Kisiwani, kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kina magofu ya misikiti 5, jumba kubwa na nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe. Nyingi kati ya nyumba hizo zina ua wa ndani. Ukiichora nyumba ya namna hiyo kwa ramani peke yake, ua unaonekana kama mraba mtupu katikati ya vyumba. Kawaida tu.

Chora mkato, mambo yanabadilika. Kumbe ua umezama chini kuliko vyumba, na unashuka kwa ngazi. Ngazi hizo zinaweza kukaliwa. Mwanga unashuka toka juu, unagonga sakafu ya ua na kuingia vyumbani, wakati kuta nene upande wa nje zimebaki na matundu machache. Mwanafunzi ambaye hakuchora mkato angekosa jambo lenyewe.

Ndivyo tunavyoyajua vizuri magofu haya. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kugeukia akiolojia, alipima na kuchora majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa miaka ya 1960, alitoa kazi yake kubwa kuhusu mji huo mwaka 1974. Michoro yao bado inatumika. Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, leo ni kuta zilizobomoka juu ya mwamba unaotazama bahari. Ukitembea ndani yake bila mchoro unapotea. Ukiwa na mchoro mkononi, unaanza kuona ua mmoja unavyokupeleka kwenye mwingine.

Kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba?

Hili ni swali ambalo mchoro hulijibu haraka kuliko maneno.

Ukipima vyumba vingi vya nyumba za mawe za pwani, unakuta ni virefu lakini upana wake unagota mita mbili na nusu hivi, pengine karibu tatu. Kilwa, Lamu, Zanzibar, hadithi ni ile ile. Mtu anaweza kudhani watu wa kale walipenda vyumba vyembamba.

Chora mkato wa chumba hicho, uweke paa. Paa lilikuwa tambarare, la mawe na chokaa, zito kweli kweli, limelazwa juu ya boriti za mikoko. Na boriti ya mkoko ina mwisho wake: ikizidi urefu fulani, inapinda chini ya mzigo ule. Kwa hiyo aliyeamua upana wa chumba ni mti.

Walipotaka nafasi pana zaidi, walibadilisha mbinu. Kwenye Msikiti Mkubwa wa Kilwa Kisiwani, sehemu iliyoongezwa karne ya 14 ina safu za nguzo, na juu yake matao na kuba. Jiwe la tumbawe ni hodari likibanwa, lakini ni dhaifu likipindwa. Tao linalibana jiwe, halilipindi.

Unataka kuona hilo bila hesabu? Shika cheni ya shingoni kwa ncha zake mbili, uiache ining'inie. Umbo linalojitokeza ni la kuvutwa tupu. Ligeuze juu chini kichwani mwako: umepata tao ambalo mawe yake yanabanwa tu. Antoni Gaudí, msanifu wa Barcelona, aliitumia mbinu hii kwa ukubwa, akaning'iniza nyuzi zenye vifuko vya uzito ili kutafuta umbo la kanisa. Matao ya Kilwa yamechongoka juu na hayafuati umbo la cheni moja kwa moja, lakini kanuni ya kubana ni ile ile.

Mchoro wa mishale

Kabla ya ramani yoyote, mwanafunzi hutakiwa kuchora kitu ambacho mteja wa WhatsApp hajawahi kukiona: mchoro wa mawazo. Hauna vipimo. Una miduara, mishale na alama tu. Unachora kiwanja, unaweka kaskazi iko wapi, halafu unaanza kuuliza.

Jua. Mitole iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Maana yake saa sita mchana jua linakuwa juu sana mwaka mzima: Juni limeegemea kaskazini, kama nyuzi 58 kutoka upeo, na Desemba limeegemea kusini, kama nyuzi 75. Jua la namna hiyo unalizuia kirahisi. Linalosumbua ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja chini chini toka mashariki na magharibi.

Upepo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili: kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, kusi huchukua sehemu kubwa ya kati ya mwaka. Chora mishale miwili. Ukishaiona kwenye karatasi, unajua dirisha gani liangaliane na lipi ili hewa ipite.

Maji. Hapa pana uzito wake Kilwa. Mvua za mwaka 2020 zilileta mafuriko mkoani Lindi, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Kwenye kiwanja kimoja mambo ni madogo zaidi lakini swali halibadiliki: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na je, nyumba imekaa njiani? Mzee wa jirani anaweza kukujibu kwa kidole. Mchoro unalihifadhi jibu lake.

Halafu watu. Nani anapita wapi? Mgeni akija anaishia barazani au anakatiza jikoni? Kuni zinakaa wapi? Moshi unakwenda wapi? Mshale wa mgeni ukikatiza mshale wa anayetoka kuoga, hapo pana tatizo, na limegunduliwa hata tofali moja halijanunuliwa.

Sentimita 60 za bati

Turudi kwenye lile jua la alasiri, maana ndilo linalowatesa wengi.

Tuseme bati limetokeza sentimita 60 nje ya ukuta, na dirisha linatazama magharibi. Saa kumi alasiri jua liko kama nyuzi 30 juu ya upeo. Chora mkato kwa skeli, chukua kipima pembe, vuta mstari wa nyuzi 30 kutoka ncha ya bati hadi ukutani. Kivuli kinashuka kama sentimita 35 tu. Dirisha lote liko juani.

Sasa geuza dirisha lile lile litazame kaskazini, saa sita mchana mwezi Juni, jua likiwa nyuzi 58. Kivuli kinashuka karibu mita moja. Bati lile lile, ukuta ule ule. Kilichobadilika ni upande.

Ndiyo maana mwalimu wa studio akiona picha ya nyumba nzuri iliyochorwa kwa kompyuta, swali lake la kwanza linaweza kuwa la kuudhi: kaskazini iko wapi?

Na hapo ndipo kibaraza cha nyumba za zamani kinapoeleweka. Paa lililotokeza mita mbili juu ya baraza linatoa kivuli ambacho bati la sentimita 60 haliwezi kukitoa.

Boksi, gundi na tochi

Baada ya michoro huja modeli, yaani nyumba ndogo ya boksi au kadibodi. Wengi wanadhani modeli ni pambo la siku ya mwisho, la kuwaonyesha wageni. Zipo za namna hiyo. Ila zenye faida zaidi ni zile mbaya mbaya, zilizokatwa haraka, ambazo mwanafunzi anazing'oa paa, anasogeza ukuta, anatupa na kuanza upya.

Muhimu ni skeli. Skeli ya 1:100 maana yake sentimita moja ni mita moja. Skeli ya 1:50, sentimita mbili ni mita moja. Nyumba ya mita 9 kwa 8 kwenye 1:50 inakuwa sentimita 18 kwa 16, yaani inaenea juu ya kifuniko cha boksi la viatu.

Jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya: chumba cha mita 2.7 kwa 2.7 kwenye skeli hiyo ni sentimita 5.4 kila upande. Kitanda cha tano kwa sita, ambacho ni kama mita 1.5 kwa 1.8, kinakuwa karatasi ya sentimita 3 kwa 3.6. Kikate, kiweke ndani. Kabati lenye kina cha sentimita 60 ni kikaratasi cha sentimita 1.2. Kiweke ukuta wa pili. Njia iliyobaki kati yake ni sentimita 60 za kweli: unapita, lakini droo ya chini ukiivuta inakuletea taabu. Sasa kata mlango wa sentimita 80 uufungue. Kama umeuweka mahali pabaya, unagonga kitanda.

Kwenye ramani ya WhatsApp chumba hicho kimeandikwa "bedroom" na kina kitanda kizuri kimechorwa ndani. Wakati mwingine kitanda hicho kimepunguzwa ili kienee!

Kwa jua, wanafunzi hutumia taa. Weka modeli mezani, elekeza kaskazini yake vizuri, zima taa za chumba, washa tochi ya simu. Ishike mbali kidogo, iwe chini upande wa magharibi. Chungulia ndani ya dirisha. Mwanga wa tochi unatawanyika kuliko wa jua, kwa hiyo usitegemee kipimo kamili, lakini utaona chumba kipi kinaungua na kipi kimetulia.

Kompyuta inafanya haya yote, na programu kama SketchUp, ArchiCAD na AutoCAD ni za kawaida vyuoni na maofisini. Hakuna ubaya. Tatizo lake ni kwamba kompyuta huchora mstari safi hata wazo likiwa bovu, na mteja akiona picha inang'aa anadhani kazi imekwisha. Penseli haikudanganyi namna hiyo.

Siku ya kubandika

Ipo siku ambayo mwanafunzi wa usanifu hasahau. Michoro inabandikwa ukutani, modeli inawekwa mbele, na jopo la walimu, mara nyingine na wasanifu wa nje, linakaa. Mwanafunzi anaeleza. Kisha maswali: mgonjwa wa kiti cha magurudumu anaingiaje? Maji ya paa hili yanakwenda wapi? Kwa nini choo kimekaa upande upepo unakotokea?

Wengine hutoka na machozi. Kusema kweli kuna jopo linalofundisha na jopo linalotaka tu kuonyesha ubabe, na mjadala wa namna ya kuwakosoa wanafunzi bila kuwavunja upo kwenye vyuo vingi duniani. Lakini zoezi lenyewe lina sababu. Swali linaloulizwa siku ile linafutwa kwa kifutio. Likiulizwa baada ya zege kumwagwa, linalipwa na mwenye nyumba.

Soko ambalo kila mtu analijua

Kama mtu anataka kuona kazi hii inaishia wapi, atazame Soko Kuu la Kariakoo. Liliasanifiwa na Beda Amuli, anayetajwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo waliosomea fani hiyo, na lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Juu kuna nguzo za zege zilizochanua kama miavuli iliyopinduliwa. Chini kuna lile eneo ambalo wafanyabiashara wanaliita shimoni.

Ramani ya soko peke yake isingekuambia uzuri wake. Ni jengo la mkato: mwavuli juu, watu kati, shimoni chini. Liliungua Julai 2021.

Kwa aliyeko Mitole leo

Tuseme kuna kijana wa kidato cha tatu, anapenda majengo, na chuo bado kiko mbali. Hana meza ya kuchorea. Anaweza kuanza na nyumba wanayoishi.

Futi kamba ya fundi inatosha. Apime kila chumba, aandike, achore ramani kwenye daftari la mraba mraba, kila mraba uwe nusu mita. Achore mkato mmoja unaopita sebuleni hadi kwenye paa. Aweke alama ya kaskazini. Simu nyingi zina dira. Kisha akae siku moja nzima na kuandika jua limeingia dirisha gani saa ngapi, upepo umetoka wapi, na bibi alihamisha mkeka mara ngapi kufuata kivuli. Huyo bibi na mkeka wake ni data.

Akipata nafasi ya kufika Kilwa Masoko, kibali cha kutembelea Kilwa Kisiwani kinapatikana pale pale kabla ya kupanda boti. Aende na daftari. Picha za simu zinapigwa kwa dakika moja na kusahaulika; kuchora tao moja kwa mkono kunachukua nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo atalazimika kuamua kila jiwe limeshikwa na nini.

Kwa upande wa masomo, sifa za kujiunga na shahada hubadilika, hivyo aangalie mwongozo unaotolewa na TCU kila mwaka badala ya kusikiliza ya vijiweni. Hesabu na fizikia asizikimbie. Mkono usiochora vizuri usimtishe: mstari ulionyooka hujifunzwa.

Akimaliza mchoro wa nyumba yao, aupeleke kwa fundi wa kijijini amwambie anachokiona. Fundi atacheka kidogo, halafu atanyoosha kidole kwenye kona fulani na kuuliza, "Hapa maji ulishayafikiria?"